Mwenyewe Aje

Kwa mwaka mzima Nzabonimana alichora wanawake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mkewe.

Kazi yake ilikuwa vibao. Ukishuka kutoka Gihundwe kwenda soko la Kamembe, Rwanda, siku hizo za 1999, karibu kila kibao kilichokutazama kilikuwa cha mkono wake: kichwa cha kinyozi, ng'ombe wa bucha, chupa ya bia inayotema povu, jino kubwa la yule bwana wa kung'oa meno. Shule aliiacha darasa la tatu, huko Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, alikozaliwa na wazazi wakimbizi, kwa hiyo herufi alizijua kwa sura kuliko kwa maana. Mteja alimwandikia maneno kwenye karatasi, naye akayanakili kama mtu anayechora majani. Mwanamke alikuwa naye mmoja tu, yule wa saluni: nyusi mbili, pua iliyonyooka, midomo myekundu, nywele zimesukwa. Saluni zote za Kamembe ziliita wateja kwa uso ule mmoja, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa, kila alipokaa mbele ya ubao mweupe kumchora marehemu Védastine, mkono ulimletea yule yule wa saluni. Alifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Alianza upya na jicho la kushoto, akaanza upya na kidevu. Mwanamke wa saluni alirudi tu na midomo yake myekundu, kama jirani asiyejua kuaga.

Ilibidi amchore kwa sababu picha yake hakuwa nayo. Na usimwambie Nzabonimana kwamba ilikuwa bahati mbaya. Waliomnyang'anya sura ya mkewe aliwajua, na asiowajua kwa majina aliwajua kwa vyeo.

Albamu ya harusi ilibaki Bukavu Oktoba ya 1996, vita vilipoingia mjini na wao wakavuka daraja la Ruzizi na binti yao Umuhire na godoro moja. Dada yake Védastine alipokwenda kuitazama nyumba, hata fremu za milango zilikuwa zimekwenda zake. Mwaka uliofuata wakapigwa picha za kitambulisho. Mpiga picha akakata nne, na ofisini wakazitaka zote nne. Moja ya kadi, moja ya daftari, na mbili nyingine ni za nini? Karani alimwangalia Nzabonimana kama mtu aliyeuliza mvua ni ya nini.

Ikabaki ile moja ya kwenye kadi.

Védastine aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Kila asubuhi alivuka daraja na beseni la buluu kichwani kwenda kuwauza Bukavu, na jioni akarudi na beseni tupu. Pale kizuizini kila mchuuzi aliacha kitambulisho chake dirishani na kupewa jetoni, kipande cha karatasi ngumu chenye namba. Jioni unarudisha jetoni, unapewa kadi yako. Jumatatu ya tarehe tatu Agosti 1998 alipewa jetoni namba 417. Wakubwa walikuwa wameshaanza vita vyao vya pili huko ng'ambo, lakini wenye beseni hawakuambiwa. Kabla ya saa sita mpaka ukafungwa. Kwa amri ya nani, kwa siku ngapi, hakuna aliyesema. Védastine akashikwa na homa kali nyumbani kwa dada yake, mtaa wa Kadutu, huko huko Bukavu. Risasi zilikuwa nje, dawa zilikuwa nje. Ijumaa akafa, Jumamosi akazikwa harakaharaka, kama mtu anayefichwa.

Siku zote hizo Nzabonimana alisimama upande wa Rwanda akitazama ng'ambo. Mto pale ni mwembamba. Ukirusha jiwe, linafika.

Mpaka ulipofunguliwa, shemeji yake Odette alimletea beseni, na kitenge ambacho pembeni yake kulikuwa na fundo. Ndani ya fundo, jetoni.

Akaenda nayo dirishani. Karani alikuwa Bizimana, mtu wa shirika lake la kanisa, ambaye waliketi naye benchi moja kila Jumapili.

"Papa Umuhire, pole sana," Bizimana alisema. "Lakini kadi hatuitoe kwa muntu mwingine. Mwenyewe aje."

"Mwenyewe amekufa, Bizimana. Ulikuja ku kilio. Ulikula na maharagi."

"Miye ninajua. Lakini bakubwa banasema: mwenyewe aje. Ao lete karatasi ya kifo, yenye cachet ya Bukavu."

Bukavu wakati ule hata mihuri ilikuwa imekimbia. Miezi minne ilipita mpaka karatasi ikapatikana, na alipoileta, akaambiwa kadi zisizo na wenyewe zimepelekwa juu. Juu wapi? Juu. Mzee Kamali, mwalimu wa zamani anayekaa kwenye kona ya soko na mashine yake ya kupiga chapa, alimwandikia barua tatu za kwenda huko juu. Hakuna iliyoshuka na jibu.

Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Nzabonimana alikuwa na neno la kuongeza: na nyasi zikishakauka, fahali huzitandika wakalalia.

*

Mwezi wa sita Odette alivuka kuja kupanga siku ya kutoa kilio, yaani kumaliza matanga. Ingekuwa Jumamosi ya tarehe saba Agosti, mwaka mmoja kamili. Alikuwa mwanamke wa biashara, mnene, mwenye sauti ya kuuza nguo mbali.

"Shemeji, picha iko wapi? Tutaiweka ku meza, na kitambaa nyeupe, na bougie."

"Picha hakuna. Unajua."

"Sasa mama yetu atawasha bougie mbele ya nini? Mbele ya kikapo ya mihogo? Siku ile tulimuzika mbiombio, mama hakumuaga. Anakuja hapa kumuaga, shemeji. Hana kitu ingine anafuata."

"Nitamuchora."

Odette alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Usituletee yule wa saluni. Nitamutupa mu Ruzizi, na weye nyuma yake."

Alichomficha Odette ni hiki: uso wa mkewe ulikuwa umemtoka. Mlio wa beseni likiwekwa chini aliukumbuka. Harufu ya samaki kwenye shuka aliikumbuka pia, na kovu la kisu kwenye kidole gumba cha kulia, na namna alivyokohoa mara mbili kabla ya kusema jambo zito. Lakini uso wenyewe, kila alipoukaribia, uliteleza kama sambaza mkononi. Mtu anayerudi kila jioni, nani anamtazama sana usoni?

Alimkalisha binti yake Umuhire kwenye kigoda ili amwige. Umuhire alikuwa na miaka kumi na mitano, na alikaa bila kutikisika asubuhi nzima. Akaja kutazama ubao.

"Papa," alisema polepole, "huyu ni shangazi."

Ilikuwa kweli. Mtoto alikuwa amechukua pua ya upande wa baba.

"Na weye unamukumbuka? Maman?"

Umuhire aliangalia mlango. "Ninamukumbuka akiongea," alisema, akaenda kupika.

*

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Joselyne akaja na kalenda, akitaka itiwe fremu.

Joselyne alikuwa jirani yao Gihundwe na kiongozi wa sala katika shirika. Kabla ya hapo aliwahi kufua nguo za daktari mmoja mwanamke, Mjapani, aliyekuja na watu wa misaada wakati wa makambi ya wakimbizi. Daktari alipoondoka alimwachia sabuni, mwavuli na kalenda ya 1997 yenye picha kumi na mbili. Mwaka ulikuwa umeshakufa zamani, lakini Joselyne hakuwa mtu wa kutupa karatasi nzuri.

"Papa Umuhire, nitengenezee kadre ya hii, ya mbao ya muzuri," alisema, akifunua mwezi wa Desemba mezani. "Ni mutakatifu wa kwabo kule Japani. Tazama, ako na rozari! Tangu Pasaka tunasali mbele yake. Mutoto wa Mukansanga alipona kuhara."

Nzabonimana alitazama. Pichani alikuwa mtu wa uso mrefu, mweupe, macho membamba yanayotazama pembeni, amevaa vazi la buluu iliyopauka. Mkononi, shanga za kusalia. Kwenye mkono wa vazi, duara lenye alama ndani yake. Maandishi yalishuka pembeni kutoka juu kwenda chini, kama mvua.

Hakuna kivuli hata kimoja. Pua ilikuwa mstari, na mdomo vipande viwili vya wino. Mtu wa vibao humjua mwenzake. Aliyefanya kazi hii, alijisemea, ni mtu wa vibao.

"Jina lake nani?"

"Sisi tunamuita Maman wa Rozari. Jina ya kwabo iko nyuma, na Kifaransa, lakini Kifaransa yangu iliisha ku *bonjour*."

Joselyne alipokwenda zake, Nzabonimana alifunua miezi mingine. Wa Januari alikuwa amekaza taya na kukodoa macho. Machi alikuwa mwanamke aliyeinama na mwavuli. Wa Julai alishika upanga. Mavazi yalikuwa mbalimbali, na mikao pia. Lakini pua ilikuwa ile ile, nyusi zile zile, miezi kumi na miwili. Watu hawa nao walikuwa na mtu wao wa saluni.

Akaiviringisha kalenda, akashuka sokoni kwa mzee Kamali.

Kamali alivaa miwani iliyofungwa kwa waya, akasoma nyuma ya Desemba kimya, midomo ikicheza. Kisha akaanza kutetemeka mabega. Alikuwa anacheka.

"Joselyne asisikie," alisema. "Haiko mutakatifu. Haiko hata mwanamuke."

"Ni nini?"

"Mucheza teatri. Bote kumi na mbili ni bacheza teatri, ba zamani, miaka mia na zaidi. Kule kwabo banaume njo balikuwa banacheza, hata fasi ya banamuke. Bachoraji banabachora, picha inauzwa ku soko, bantu banaenda kubandika ku ukuta, sawa vile batoto banabandika bacheza mupira."

"Na rozari?"

Kamali aliacha kucheka. Alisoma tena, safari hii kwa kidole.

"Huyu alikuwa ashakufa. Mucheza mukubwa akikufa, banatoa picha ya kilio. Banamuvalisha ile buluu, banamupa shanga za dini yabo, banaandika siku alikufa. Mbiombio, sababu bantu banalia sasa, habatangoja. Hapa banasema muchoraji mara mingi anachukua picha yake ya zamani tu, anabadirisha nguo."

"Kama hakumuona akikufa, na uso ni ule wa bote, bantu banajua aje kama njo yeye?"

"Ku hii." Kamali aligonga lile duara kwenye mkono wa vazi. "Alama ya nyumba yake. Na ku kusimama. Banasema mu teatri yabo kunafika saa mucheza anasimama tu, kimya, ile namna yake ambayo mwingine hana. Na pale, bantu banaoketi nyuma kabisa banaita jina ya nyumba yake, na nguvu yote. Njo hiyo saa banachora."

"Banamuita?"

"Banamuita."

Nzabonimana alisimama pale kwenye kona ya soko, wauza vitunguu wakimsukuma huku na huku. Kamali alimuuliza kama anataka barua ya nne. Akasema hapana, barua zimetosha.

*

Hakuutafuta uso tena. Alikaa kibarazani asubuhi akatafuta namna mkewe alivyosimama, nayo ikaja yenyewe, kama kuku anayejua banda lake.

Kila asubuhi alimsindikiza Védastine mpaka kona ya mwisho kabla ya kizuizi. Pale wachuuzi wenzake walikuwa wakimngoja. Yeye alikuwa anakwenda hatua kumi na kitu, halafu anakumbuka jambo. Beseni likiwa kichwani huwezi kugeuza shingo. Kwa hiyo aligeuka mwili mzima, kiuno kwanza, polepole, mkono wa kushoto juu kwenye ukingo wa beseni, na pembe ya kitenge kati ya meno kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa bado unafunga fundo. Alisimama hivyo. Kisha aliachia kitenge na kusema, kila siku ya Mungu, maneno yale yale:

"Mzee, ufunge mulango. Kuku banaingia."

Na wanawake walimwita kutoka mbele: "Maman Sambaza! Twende!" Jina hilo ndilo alilojulikana nalo darajani.

Nzabonimana alichukua ubao mwembamba wa triplex uliokuwa umelipiwa nusu na mwenye baa, akamwacha mwenye baa amtukane. Alichanganya buluu na nyeupe mpaka ikawa ile ya Desemba, ambayo pia, alivyoona baada ya kuitazama vizuri, ilikuwa buluu ya beseni lililochakaa. Siku nne alifanya kazi. Alichora kwanza miguu, maana uzito wote uko miguuni. Akachora kiuno, na ule mkono juu. Kwenye kidole gumba cha kulia aliweka kovu. Alipofika usoni hakuogopa: mstari wa pua, nyusi mbili, macho membamba yanayotazama pembeni, kitenge kati ya meno. Hakumpaka midomo rangi nyekundu. Wa saluni hakurudi.

Ikabaki alama ya nyumba. Na nyumba yake ilikuwa na alama gani? Baba yake alikuwa mkimbizi, na yeye alizaliwa mkimbizi. Vya ukoo vilipotea njiani kabla hajapata akili. Alifikiri hivyo akikunja uso, kisha akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Wakubwa walikuwa wamewapa alama. Akachora duara kwenye mkono wa blauzi, na ndani ya duara, kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, akaandika 417.

Joselyne alikuja kuchukua kadre yake. Nzabonimana alimwambia ukweli, maana aliona kumwacha aendelee kudanganywa ni kazi ya wakubwa, si yake.

Joselyne alikaa chini pale pale kwenye maranda ya mbao.

"Mwanaume!"

"Mwanaume."

"Mucheza teatri! Na miye niliwasha bougie, Papa Umuhire. Tangu Pasaka! Nilimupigia magoti na magoti yangu ya rhumatisme!" Akaikwapua Desemba. "Ninaenda kumuchoma."

"Alikufa, Joselyne. Bantu ba kwabo balimulilia. Bougie ya mufu haipotee."

Joselyne akaitazama ile picha, kisha akautazama ubao uliokuwa ukikauka ukutani. Alitazama muda mrefu, mdomo wazi, akatoka. Lakini Desemba hakuichoma. Aliikunja na kuitia kwenye kitabu cha nyimbo.

*

Jumamosi ua ulijaa. Chini ya hema la kuazima walikaa watu wa shirika, na mzee Kamali na tai yake. Wachuuzi wa darajani walikuwa nyuma kabisa kwa sababu walichelewa, wametoka kizuizini moja kwa moja na mabeseni yao. Odette alifika na jamaa sita kutoka Bukavu. Katikati yao alikuwa mama yake, bibi Épiphanie, mdogo, mkavu, amevaa nyeusi ya mwaka mzima ambayo siku ile angeivua. Bizimana naye alikuja, na shati lake la kazi, akaketi pembeni karibu na njia ya kutokea.

Ubao ulisimama juu ya meza umefunikwa kitambaa cheupe. Mshumaa ulikuwa haujawashwa. Padre alisoma misa, wakaimba, na Nzabonimana hakusikia hata ubeti mmoja. Angeweza kuvumilia Odette amtupe mtoni. Lakini yule bibi alikuwa amevuka daraja kwa miguu yake yenye uvimbe kuja kumuaga mtoto wake, na kama asipomkuta hapo, basi hayuko popote duniani.

Odette ndiye aliyeondoa kitambaa.

Kuku mmoja alipita kati ya viti.

Odette aliusogelea ubao, akainama, akarudi nyuma. "Shemeji," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Huu uso haiko wake. Huu ni uso wa Muchina."

Mtu alicheka upande wa Bukavu, akanyamazishwa. Nzabonimana alitaka kusema habari za Kamali, za duara, za waigizaji waliokufa ng'ambo ya dunia, akaona maneno yote hayo ni mepesi kama maranda. Bibi Épiphanie alikuwa ameketi, macho yake mabovu yamekazwa kwenye ile buluu, mikono juu ya magoti.

"Ulituahidi," Odette alisema.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa. Ilikuwa ya Muhigirwa, mchuuzi wa nyanya, mwanamke ambaye sauti yake hulipita daraja kabla ya miguu yake. Kutoka pale nyuma hakuona macho wala pua. Aliona mwili uliogeuka na mkono uliopanda kwenye beseni.

"Maman Sambaza!" aliita. "Weee, Maman Sambaza! Twende basi, tunachelewa!"

Mwenzake akaitika, "Maman Sambaza!" na mwingine, na wote wa nyuma wakasimama, mabeseni yakigongana, wakimwita kama walivyomwita kila asubuhi kwenye kona ile, wakicheka na machozi yakiwatiririka. "Acha mulango! Acha kuku! Twende!"

Bibi Épiphanie aliinuka. Odette alitaka kumshika, akamsukuma mkono. Alifika mezani, akaweka kidole kwenye kile kidole gumba kilichochorwa, juu ya kovu.

"Nilimuambia," alisema, "nilimuambia kisu ile ni mukali." Na akalia, yeye ambaye watu walisema hakulia siku ya kaburi. Odette naye akamshika mama yake kiunoni, na alipotazama tena ubao hakusema habari za Mchina.

Joselyne aliwasha mshumaa. Mkono wake ulionekana umezoea.

Baadaye, chakula kilipokuwa kinagawiwa, Bizimana alikuja taratibu na kofia mkononi. Alisimama mbele ya ubao. Alisoma.

"Papa Umuhire. Hii namba..."

"Unaijua."

"Ninaijua. Niliitoa na mukono yangu." "Sasa juu ya nini kuiandika hapa, mbele ya bantu?"

Nzabonimana alikuwa ameweka maneno mengi kwa ajili ya siku hii. Mwaka mzima aliyanoa, ya vyeo, ya mihuri, ya picha nne. Alitia mkono mfukoni, akatoa ile jetoni, laini sasa kama kitambaa, akaiweka kwenye kiganja cha Bizimana.

"Mulisema mwenyewe aje," alisema. "Amekuja."

Bizimana alisimama na jetoni mkononi. Hakukuwa na dirisha la kufunga. Alitazama ubao, akatazama chini, na midomo yake ikasogea, labda kuomba msamaha, labda kusoma namba. Kisha akaenda kuketi tena, lakini si pale karibu na njia. Aliketi kati ya wachuuzi, nao wakamsogezea nafasi, hawakumsemesha.

Padre aliombea chakula. Umuhire, aliyekuwa amesimama mbele ya ubao tangu kitambaa kilipoondolewa, hakuinamisha kichwa kama wengine. Alimtazama yule mwanamke aliyegeuka mwili mzima, kitenge kati ya meno, kama mtu anayengoja amalize kusema. Kisha, bila kutumwa na mtu, alivuka ua, akapita kati ya viti, akaufunga mlango wa nyumba.